Miaka 10 Wycombe, miezi 8 QPR: kisa cha kocha Gareth Ainsworth

Mwezi Septemba 2012 klabu ya Wycombe Wanderers, iliyokuwa daraja la nne la soka la Uingereza, iliachana na kocha wake Gary Waddock na kuikabidhi timu kwa muda kwa winga wake mwenye umri wa miaka 39, Gareth Ainsworth. Aliyepewa kiti cha kushikilia alikikalia miaka 10 na miezi 5. Alipoondoka Februari 2023 alikwenda Queens Park Rangers ya magharibi mwa London, klabu aliyoichezea kwa zaidi ya miaka 6, yenye bajeti kubwa kuliko ile aliyoiacha na mashabiki waliokuwa wakimpenda tangu akiwa mchezaji. Huko alidumu miezi 8.

Mtu ni yule yule, msaidizi wake Richard Dobson ni yule yule, na namna ya kucheza haikubadilika. Kwa nini basi mahali pamoja palimvumilia muongo mzima na pengine pakamtema kabla mwaka haujaisha? Jibu linalotolewa haraka ni kwamba uwezo wake uliishia daraja la tatu. Jibu hilo naliona fupi mno, na mtu akiifuata historia yake hatua kwa hatua ataona kwamba lililoamua mambo ni uhusiano kati ya mbinu zake na hali ya klabu iliyompokea.

Msomaji wa huku kwetu, ambaye kibanda umiza chake huonyesha Arsenal na Manchester United, hana sababu kubwa ya kumfahamu Ainsworth. Huenda anamfahamu mshambuliaji wake, Adebayo Akinfenwa, yule mwenye mwili wa mnyanyua vyuma ambaye vijana wanaocheza FIFA, mchezo wa video, walimjua kama mchezaji mwenye nguvu kuliko wote. Huyo tutamfikia.

Ainsworth alizaliwa Mei 1973 huko Blackburn, kaskazini magharibi mwa Uingereza. Alipitia timu ya vijana ya Blackburn Rovers, hakupewa mkataba wa kudumu, akaangukia Northwich Victoria iliyokuwa nje kabisa ya madaraja manne ya kulipwa, kisha Preston North End. Kocha aliyemwona kuwa ana kitu ni John Beck, ambaye alimsajili mara tatu katika klabu tatu tofauti: Cambridge United mwaka 1992, Preston miezi michache baadaye, na Lincoln City mwaka 1995. Kocha anayemrudia mchezaji mara tatu anamtaka kwa kazi maalumu, na kazi hiyo inafaa kuelezwa, kwa sababu ndiyo shule aliyosomea kocha tunayemzungumzia.

Beck aliamini kwamba mpira unapaswa kufika mbele upesi, uangukie pembeni karibu na kibendera cha kona, winga auwahi na kupiga krosi. Inasimuliwa kwamba huko Cambridge majani ya pembe za uwanja yaliachwa yarefuke kuliko ya katikati, ili mpira uliopigwa kutoka mbali ukifika pale upunguze kasi na kukwama badala ya kutoka nje. Wapenda soka safi walimchukia kwa hilo. Kwa winga kijana, hata hivyo, ilikuwa elimu ya aina yake. Alijifunza kwamba nyasi, mstari wa pembeni na uchovu wa beki anayelazimika kugeuka na kukimbilia lango lake mwenyewe ni sehemu ya mchezo sawa na chenga na pasi.

Soko lilimpandisha thamani kwa kasi. Lincoln ilimpata kwa paundi 25,000 tu; Port Vale ilitoa paundi 500,000 mwaka 1997; na mwishoni mwa mwaka 1998 Wimbledon, ikiwa Ligi Kuu, ikalipa paundi milioni 2. Katika miaka mitatu bei yake ilizidi mara 80. Wimbledon nayo ilikuwa klabu iliyojengwa juu ya msuli, mipira mirefu na utani mkali wa chumba cha kubadilishia nguo, kwa hiyo alitoka shule moja akaingia nyingine ya mtaala uleule. Lakini majeraha yalimwandama. Ligi Kuu aliitazama kwa sehemu kubwa kutoka chumba cha matibabu, na mwaka 2000 timu ikashuka. Baada ya mikopo ya hapa na pale na kipindi kifupi Cardiff City, alitua QPR mwaka 2003 na mwaka uliofuata akapanda nayo daraja la pili.

Miaka yake ya mwisho QPR ilimfunza jambo jingine ambalo wachambuzi wengi hulipita haraka. Klabu ilikuwa mikononi mwa matajiri wa mbio za magari, Flavio Briatore na Bernie Ecclestone, na makocha walikuwa wakija na kuondoka kama abiria wa daladala. Mara mbili, Oktoba 2008 baada ya Iain Dowie na Aprili 2009 baada ya Paulo Sousa, Ainsworth alipewa timu ya muda huku akiwa bado mchezaji. Aliona kwa macho yake, akiwa ndani, jinsi klabu yenye pesa inavyoweza kukosa subira. Miaka 14 baadaye angelipia somo hilo yeye mwenyewe katika jengo lilelile.

Wycombe alikwenda kwa mkopo Novemba 2009 na kubaki moja kwa moja mwaka 2010. High Wycombe ni mji wa Buckinghamshire uliojulikana kwa mafundi wa viti, na ndiyo maana timu huitwa Vijana wa Viti. Uwanja wake, Adams Park, unachukua watu wapatao 10,000 na uko mwisho kabisa wa barabara ya eneo la viwanda, huku kilima chenye miti kikiuinamia kwa nyuma. Timu iliingia madaraja ya kulipwa mwaka 1993 chini ya Martin O'Neill, na tangu ianzishwe mwaka 1887 haikuwahi kufika daraja la pili.

Alipokabidhiwa timu, hali ilikuwa ya ukapa. Wycombe ilikuwa imetoka kushuka daraja, mmiliki Steve Hayes alikuwa ameondoka, na umoja wa mashabiki wanachama ndio uliobeba mzigo wa klabu. Akademi ilifungwa kwa kukosa fedha za kuiendesha, jambo lililouma zaidi kwa sababu miezi michache kabla yake akademi hiyohiyo ilimtoa Jordon Ibe, kijana wa miaka 16 aliyeuzwa Liverpool. Kocha mpya hakuwa na bajeti ya kununua wala kiwanda cha vijana nyuma yake. Alikuwa na wachezaji walioachwa na wengine, na alikuwa na yeye mwenyewe, maana msimu huo aliendelea kucheza huku akifundisha.

Siku ambayo kazi hii ingeweza kuishia kabla haijaanza ni Mei 3, 2014. Wycombe ilifika mechi ya mwisho ikiwa nafasi ya 23 kati ya timu 24, na timu mbili za mwisho hutupwa nje ya ligi za kulipwa. Ilikuwa nyuma ya Bristol Rovers kwa pointi 3. Ili ipone ilihitaji kushinda ugenini kwa Torquay United, ambayo tayari ilikuwa imeshashuka, na wakati huohuo Rovers ifungwe nyumbani na Mansfield Town. Sare moja tu upande wowote ilitosha kuizika. Wycombe ilishinda 3-0, Mansfield ikashinda 1-0, na timu mbili zikamaliza na pointi 50 kila moja. Tofauti ya mabao ikaiokoa Wycombe na kuishusha Rovers, klabu iliyokuwa ndani ya ligi tangu mwaka 1920.

Hapa ndipo kisa kinapoanza kuwa na uzito. Kocha aliyemaliza nafasi ya 22 daraja la nne, aliyeponea kwenye matokeo ya uwanja ambao hakuwepo, katika klabu nyingi angeshukuriwa na kuonyeshwa mlango. Wycombe ilimbakiza. Mashabiki waliokuwa wamiliki walijua hesabu za klabu kuliko mtu yeyote, kwa hiyo walijua pia kwamba tatizo halikuwa mtu wa benchi peke yake. Na sitashangaa kama ukapa wenyewe ulisaidia, kwa sababu kumfukuza kocha na kumleta mwingine ni gharama ambayo tajiri haioni lakini maskini huihesabu mara mbili.

Msimu uliofuata timu ileile ilimaliza ya 4 kwa pointi 84 na kufika fainali ya mchujo wa kupanda daraja Wembley dhidi ya Southend United. Dakika 90 ziliisha bila bao. Katika muda wa nyongeza mpira wa adhabu wa Wycombe uligonga mwamba, ukamrudia kipa wa Southend mgongoni na kuingia wavuni. Zikabaki sekunde. Dakika ya pili baada ya 120 Joe Pigott akasawazisha, na Southend ikashinda kwa mikwaju ya penalti 7-6. Mwaka mmoja kabla walipona kwa mabao machache. Sasa walikosa kupanda kwa mkwaju mmoja. Mtu akikaa klabu moja miaka mingi, hesabu za namna hii humjia kwa pande zote mbili, na huenda hilo ndilo somo la kwanza la kudumu: klabu iliyomvumilia kwenye bahati ya Torquay haikuwa na sababu ya kumhukumu kwa bahati mbaya ya Wembley.

Jinsi timu ilivyoishi kwa kuunga unga inaonekana vizuri Desemba 26, 2015. Wycombe ilikuwa ugenini kwa Plymouth Argyle, kipa Alex Lynch akaumia, na kwenye benchi hapakuwa na kipa wa akiba wa kawaida. Aliyekuwepo ni kocha wa makipa, Barry Richardson, mwenye umri wa miaka 46. Akavaa glavu, akaingia, akamaliza mchezo bila kuruhusu bao, na Wycombe ikashinda 1-0. Watu walilicheka tukio hilo kwa furaha, na lilistahili. Lakini ukilitazama kwa jicho la uchambuzi linasema kwamba katika klabu hii hakuna aliyeajiriwa kwa kazi moja tu, na kwamba wachezaji 10 wa mbele ya Richardson walikuwa tayari kulinda lango lake kana kwamba ni la kaka yao mkubwa.

Mwaka 2016 akaja Akinfenwa. Alikuwa amefunga kwenye fainali ya mchujo akiwa na AFC Wimbledon, na mbele ya kamera akatangaza kwamba kwa sasa hana ajira, hivyo kocha yeyote anayemhitaji amtafute kwa WhatsApp. Alikuwa na miaka 34 na kilo zipatazo 100. Ainsworth alimchukua na kuijenga timu kumzunguka, na hapa elimu ya John Beck ikarudi katika umbo jipya. Mpira mrefu haukupelekwa tena kwenye majani ya kona; ulipelekwa kifuani kwa mtu ambaye beki hawezi kumsogeza. Akinfenwa alikuwa akisimama na mgongo wake kuelekea lango, anaweka mkono nyuma kumpima beki alipo, anapokea, anasubiri mawinga wapite, kisha anaachia. Ukiwa na mchezaji wa aina hiyo huhitaji viungo watatu wa kupiga pasi 20 ili kuvuka nusu ya uwanja. Hao viungo ndio bei ghali sokoni, na Wycombe haikuwa na bei hiyo.

Silaha ya pili ilikuwa mipira ya kutenga. Beki wa kushoto Joe Jacobson alikuwa na mguu ambao klabu ya daraja la tatu kwa kawaida haiupati. Septemba 2019 alifunga mabao 3 peke yake dhidi ya Lincoln City, mawili kati ya hayo moja kwa moja kutoka kwenye kona bila mpira kuguswa na mwenzake. Silaha ya tatu ilikuwa muda. Wapinzani walilalamika kila wiki kwamba Wycombe hupoteza dakika, hurusha mpira taratibu, hulala chini, hufunga kamba za viatu. Malalamiko hayo yalikuwa na ukweli na sioni haja ya kuyapamba. Timu iliyojua kwamba ina nguvu ndogo kuliko mwenzake ilipunguza dakika ambazo mpira uko mchezoni, kama mfanyabiashara mwenye mtaji mdogo anavyopunguza siku za kufungua duka. Wasioipenda waliita ujanja wa mtaani, na wanaoipenda pia waliita hivyohivyo.

Timu ilipanda daraja la tatu mwaka 2018. Kabla ya hapo, Januari 2017, ilikuwa imeongoza 2-0 na kisha 3-2 kwenye uwanja wa Tottenham katika Kombe la FA na kufungwa 4-3 na bao la Son Heung-min dakika ya 97. Nalitaja kwa sababu ni mechi iliyowaonyesha watu wa juu kwamba mbinu hizi zinaweza kuisumbua timu ya Ligi Kuu, walau kwa dakika 96.

Kisha ukaja msimu wa 2019/20, ambao ndio kiini cha kisa chote. Ligi iliposimamishwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, Wycombe ilikuwa ya 8 ikiwa na pointi 59 katika mechi 34. Juu yake, Oxford, Portsmouth na Fleetwood zilikuwa na pointi 60 kila moja katika mechi 35. Peterborough United ilikuwa na 59 katika mechi 35 na Sunderland 59 katika mechi 36. Juni klabu zilipiga kura kwamba msimu umalizike kwa wastani wa pointi kwa kila mechi, na mchujo uchezwe. Wastani wa Wycombe ukawa 1.74, wa Oxford na wenzake 1.71, wa Peterborough 1.69. Kwa sehemu hizo za mia, Wycombe iliruka kutoka nafasi ya 8 hadi ya 3 bila kugusa mpira, na Peterborough ikatoka nafasi ya 6 hadi ya 7, nje ya mchujo.

Peterborough ililalamika sana, na ukisimama upande wao utaona wana hoja: walikuwa juu ya Wycombe kwenye msimamo na tofauti yao ya mabao ilikuwa kubwa mara kadhaa. Lakini Wycombe ilikuwa na mechi moja zaidi mkononi, na wastani ndio kipimo pekee kinachotambua hilo. Nadhani kura ilikuwa ya haki. Nadhani pia kwamba bila kura hiyo pengine tusingekuwa na kisa cha kuandika, na mambo yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja.

Kupewa nafasi ni jambo moja, kuitumia ni jingine. Wycombe iliifunga Fleetwood jumla ya mabao 6-3. Fainali ilichezwa Julai 13, 2020, Wembley tupu, viti vyekundu bila mtu, sauti za wachezaji zikisikika kwenye televisheni kama za mazoezini. Oxford United ilimiliki mpira kwa muda mrefu zaidi na kwa ufundi zaidi. Dakika ya 9 Jacobson alipiga kona na beki Anthony Stewart akaumalizia wavuni. Kipindi cha pili Mark Sykes akasawazisha. Dakika ya 79 kipa wa Oxford alimwangusha mchezaji wa Wycombe ndani ya eneo, na Jacobson akafunga penalti. Matokeo 2-1, mabao yote mawili ya washindi yakitoka kwenye mipira iliyosimama. Akinfenwa, shabiki wa Liverpool maisha yake yote, alisema mbele ya kamera kwamba safari hii mtu pekee anayeweza kumtafuta kwa WhatsApp ni Jürgen Klopp, na Klopp kweli alimtumia video ya kumpongeza.

Daraja la pili, Championship, lilikuwa jambo jingine kabisa. Miezi michache kabla, mwanasheria Mmarekani Rob Couhig alikuwa amenunua asilimia 75 ya klabu, kwa hiyo njaa ilipungua, lakini Wycombe ilibaki maskini miongoni mwa timu zilizokuwa zikipokea fedha ambazo Ligi Kuu huwapa walioshuka kutoka kwake. Ilipoteza mechi 7 za kwanza za ligi. Miongoni mwa waliosajiliwa alikuwemo mshambuliaji Uche Ikpeazu, mzaliwa wa London ambaye msimu huohuo aliitwa timu ya taifa ya Uganda, na ambaye kwa nguvu zake alikuwa mrithi halisi wa kazi ya Akinfenwa. Kuanzia majira ya baridi timu ilianza kuzoea, na mwishoni ilishinda mechi kadhaa ambazo hakuna aliyezitarajia. Siku ya mwisho iliifunga Middlesbrough 3-0 ugenini. Ikamaliza ya 22 kwa pointi 43. Derby County, juu yake, ilikuwa na 44.

Derby wakati huo ilikuwa na kesi ya muda mrefu na wasimamizi wa ligi kuhusu hesabu zake za fedha. Novemba 2021 klabu hiyo ilikubali kukatwa pointi 9 kwa makosa hayo, lakini adhabu ikahesabiwa katika msimu mpya, si ule ambao Wycombe ilishuka kwa pointi moja. Sijui shabiki gani angelimeza hilo bila kukunja uso. Ainsworth mwenyewe hakushuka kwa lawama. Alirudi daraja la tatu na timu, na Mei 2022 walikuwa tena Wembley baada ya kuitoa MK Dons, klabu iliyotokana na kuhamishwa kwa Wimbledon yake ya zamani. Fainali walifungwa 2-0 na Sunderland mbele ya watu zaidi ya 72,000, na Akinfenwa akastaafu siku hiyo akiwa na miaka 40.

Februari 2023 QPR ikabisha hodi. Tuangalie ilikuwa klabu ya namna gani wakati huo. Oktoba 2022 ilikuwa imeongoza Championship chini ya Michael Beale. Beale akakimbilia Rangers ya Glasgow, akaja Neil Critchley, naye akaondolewa baada ya mechi 12. Ainsworth akawa kocha wa tatu katika msimu mmoja, akipewa kikosi kilichosajiliwa kwa soka la pasi fupi, lenye wachezaji kama Ilias Chair na Chris Willock ambao uhai wao ni mpira wa chini miguuni. Katikati ya Machi walifungwa 6-1 na Blackpool. Aprili walikwenda kwa mabingwa Burnley na kushinda 2-1 kwa mchezo ambao Wycombe wangeutambua mara moja, wakaifunga pia Stoke City ugenini, na wakaponea nafasi ya 20.

Majira ya kiangazi hayakuleta nafuu. Kanuni za matumizi ziliibana klabu, hivyo kocha hakuweza kujenga kikosi cha mbinu zake. Aliongeza wakongwe kadhaa na kuanza ligi kwa kufungwa 4-0 na Watford, mabao yote ndani ya kipindi cha kwanza. Oktoba 28, baada ya vipigo vya mfululizo na timu ikiwa ya 23, alifutwa kazi. Mrithi wake, Martí Cifuentes, alikuja na soka la pasi na, kwa wachezaji walewale kwa sehemu kubwa, akaiepusha timu na kushuka.

Jambo hilo la mwisho ndilo ushahidi mzito zaidi dhidi ya Ainsworth, na halifai kufichwa. Kikosi hakikuwa kibovu kama matokeo yake yalivyoonyesha. Alichokosea, kwa maoni yangu, ni kudhani kwamba mbinu alizokuja nazo zilikuwa imani, wakati Wycombe zilikuwa suluhisho la njaa. Kule kila mtu, kuanzia mwanachama wa umoja wa mashabiki hadi kipa wa miaka 46, alijua kwa nini mpira unapigwa mrefu: hapakuwa na njia nyingine, na mchezaji asiyeweza kuishi hivyo hakusajiliwa. QPR njia nyingine ilikuwepo, ilikuwa imeonekana miezi michache tu nyuma ikiiongoza ligi, na mchezaji aliyeambiwa aitazame ikipita juu ya kichwa chake hakuwa na sababu ya kuamini. Mapenzi ya mashabiki yalimpa kocha wiki kadhaa za ziada. Hayakuweza kumpa sababu hiyo.

Kuna upande wa pili wa hesabu, nao ni muda. Kwa kipimo cha miezi 8, Ainsworth wa Wycombe pia angeonekana ameshindwa. Hata kwa kipimo cha miezi 20 alikuwa kocha anayeomba Mansfield ishinde Bristol. Kilichotofautisha klabu hizi mbili ni kwamba ya kwanza ilikuwa maskini na iliweza kusubiri, na ya pili ilikuwa katika daraja ambalo kushuka kutoka humo ni hasara ya mamilioni, kwa hiyo isingeweza. Sioni kama wakubwa wa QPR walikosea kumwondoa. Nawaona walikosea zaidi kumwajiri, kwa kumchukua mtu kwa sababu ya jina lake ukutani na rekodi iliyotengenezwa katika mazingira ambayo hawakuwa nayo wala hawakukusudia kuyatengeneza.

Wycombe, kwa upande wake, haikwenda mbali kutafuta mrithi. Ilimrudisha Matt Bloomfield kutoka Colchester United, kiungo aliyeichezea zaidi ya mechi 500 na aliyekuwa mchezaji wa Ainsworth kwa karibu kipindi chote. Aprili 2024 Bloomfield aliifikisha Wembley katika fainali ya kombe la timu za madaraja ya chini, ambako ilifungwa 2-1. Wapinzani walikuwa Peterborough.

Ainsworth alirejea kazini Novemba 2024 akiwa na Shrewsbury Town, iliyokuwa ikiburuza mkia daraja la tatu. Safari hii hakufukuzwa. Machi 2025, timu ikiwa bado ya mwisho, aliondoka mwenyewe baada ya miezi 4 kwenda Gillingham ya daraja la nne, na Shrewsbury ikashuka. Mashabiki wake walikuwa na haki ya kuuliza subira ile aliyopewa yeye Wycombe ilikwenda wapi. Gillingham alianza kazi katika daraja lilelile alilokabidhiwa mwaka 2012, akiwa na miaka 51, na nywele zake ndefu zikiwa bado zinafika mabegani.